Kantri ina wenyewe, na wengine wako Sparkhill

Tangu Beyoncé atoe albamu yake ya Cowboy Carter, tarehe 29 Machi 2024, swali limekuwa moja tu: hii ni kantri au si kantri? Watangazaji wa Marekani waliulizwa, wakosoaji wa London wakaandika, na sisi wanafunzi tukabishana hadi usiku. Kina mama na wazee wetu wa Sparkhill hawakuulizwa na mtu. Sisi tunaona wao ndio waliostahili kuulizwa kwanza.

Wasomaji wetu mnazijua nyumba tunazozisema, hizi za mitaa inayotoka Stratford Road. Humo mna Wasomali waliokulia Eastleigh, Wapunjabi ambao babu zao walifanya kazi Kisumu na Nairobi, na watu wa Mombasa walioolewa huku. Kiswahili kinawakutanisha dukani na misibani. Na ukikaa nao vya kutosha utagundua kwamba wengi wao wana jambo jingine la pamoja: wanamjua Jim Reeves kwa moyo, Kenny Rogers ni kama mjomba, na Dolly Parton hahitaji kutambulishwa.

Mapenzi haya si ya jana. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo ya kurekodi, alifika kwa Wakipsigis huko Kenya akarekodi nyimbo kuhusu kiumbe aitwaye Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, yule anayeitwa baba wa kantri, likitamkwa Kikipsigis. Rodgers alikuwa amefariki tangu 1933, lakini santuri zake zilikuwa zimefika. Wasikilizaji walimsikia, wakampa umbo la nusu mtu nusu swala, wakamtungia nyimbo zao wenyewe.

Halafu akaja Jim Reeves. Albamu yake ya Krismasi, Twelve Songs of Christmas, ilitoka mwaka 1963, mwaka uleule Kenya ilipopata uhuru. Mwaka uliofuata akafa katika ajali ya ndege, lakini sauti yake ilibaki redioni. Wazee tuliozungumza nao wanamkumbuka kupitia KBC, jioni, chai ikiwa mezani. Tulipowauliza kwa nini yeye hasa, majibu yalikuwa ya kawaida kabisa. Anaimba polepole, kila neno linasikika, hata kwa mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu. Anaimba habari za mtu aliyeacha nyumbani, mama aliyebaki nyuma, Mungu, na pesa zilizokwisha. Kwa kijana aliyetoka kijijini kutafuta kazi Nairobi, hizo zilikuwa habari zake. Kwa kijana huyohuyo alipofika Birmingham, zikawa habari zake mara ya pili.

Na hawakuishia kusikiliza. Wanamuziki wa mugithi, mtu mmoja na gitaa lake, huchanganya nyimbo za Kikuyu na za kantri katika usiku mmoja, na ukumbi mzima huimba zote. Elvis Otieno, maarufu kama Sir Elvis, alijijengea jina Kenya kwa kuimba kantri akiwa amevaa kofia pana. Hakuna aliyemwomba cheti cha kuzaliwa Tennessee.

Sasa turudi kwenye Cowboy Carter. Ndani yake Beyoncé ameimba upya wimbo wa Dolly Parton, Jolene, lakini amebadilisha maneno. Katika wimbo wa Dolly, mke anamsihi mwanamke mrembo asimchukulie mumewe. Katika wa Beyoncé, mke anamwonya. Magazetini hilo lilijadiliwa kama suala la wanawake na nguvu. Tulipowapigia kina mama nyimbo zote mbili, mmoja wao, mtu wa Mombasa, hakungoja hata mwisho. "Huo ni mpasho," akasema.

Hapo tukaelewa kitu ambacho hatukukisoma popote. Mtu aliyezoea taarabu anajua kwamba wimbo unaweza kuwa na mlengwa aliyeketi palepale ukumbini. Anajua namna mtu anavyoinuka kwenda kutuza ubeti ule tu unaomgusa hasimu wake, na namna leso inavyosema neno ambalo mdomo umelizuia. Kwake, Beyoncé hakuivunja kantri. Amefanya kile ambacho waimbaji wa pwani wamekifanya miaka yote. Mama wa pili alikataa: kwa maoni yake Dolly ana nguvu zaidi, kwa sababu anayeomba hadharani hana la kuficha, na anayetisha ana hofu. Wa tatu akauliza mbona hakuna anayemwimbia huyo mume. Kwa nusu saa hatukusikia uchambuzi bora zaidi wa albamu ile.

Wako wenzetu chamani wanaosema mapenzi haya ni masalia ya ukoloni. Wazazi wetu, wanasema, waliletewa muziki wa Wazungu redioni wakaupenda kwa kukosa mwingine, tena muziki wa biashara iliyowafungia Weusi mlango. Hoja hii si ya kupuuzwa. Linda Martell, anayesikika katika Cowboy Carter, alitoa albamu yake Color Me Country mwaka 1970, na baada ya hapo biashara hiyo haikumpa nafasi ya kuendelea. Hata Beyoncé mwenyewe hakupata uteuzi hata mmoja katika tuzo za CMA za 2024, ingawa Februari 2025 Grammy zilimpa tuzo ya albamu bora ya kantri na ya albamu bora ya mwaka. Na banjo, chombo kinachoutambulisha muziki huu, asili yake ni Afrika Magharibi.

Lakini hoja hiyo inamsahau msikilizaji. Inamchukulia kama debe tupu, linalojazwa chochote kinachomiminwa. Wasichana wa Kikipsigis hawakuwa debe tupu, na mama aliyesikia mpasho ndani ya Jolene si debe tupu. Kampuni za Nashville ziliuza santuri, lakini hazikuamua santuri zile zitamaanisha nini zikifika Kericho au Sparkhill.

Jambo hili linatugusa sisi kuliko linavyoonekana. Kila mmoja wetu amewahi kuambiwa kwamba Kiswahili chake si chenyewe, kwamba ni cha jikoni, cha kuvunjikavunjika, cha watoto wa Ulaya. Ni swali lilelile aliloulizwa Beyoncé: nani kakupa ruhusa? Wazazi wetu hawakungoja ruhusa ya kuipenda kantri. Waliisikiliza, wakaiimba, ikawa yao. Lugha nayo huwa ya mtu kwa kuitumia.

Kwa hiyo tunapendekeza kazi moja. Kabla muhula huu haujaisha, kila mwanachama akae na mzee mmoja, amuulize ni albamu gani, aliisikia wapi, ilimkumbusha nani, na amrekodi kwa Kiswahili. Kanda zinaota ukungu kabatini na wenyewe wanazeeka. Tukichelewa, tutabaki na maoni ya wakosoaji wa London peke yake.