Usinipangishe Nyumba ya Wageni wa Disemba

Tuambiane ukweli, watu wa Nyali, Bamburi, Shanzu na Mtwapa. Ukiona nyumba karibu na bahari inapangishwa mwezi wa nne, bei imepoa na mwenye nyumba anakubali kila unachosema, usikimbilie kufurahi. Muulize kwanza: Disemba nitakuwa bado niko humu?

Manake mchezo wenyewe uko hivi. Kusi ikianza kuvuma na masika yakishuka, wageni hupungua, na hoteli zingine hata hufunga kwa muda. Nyumba ya kulaza wageni inabaki tupu. Hapo ndipo unatafutwa wewe. Unalipa dipoziti, unanunua mapazia, unahamisha mtoto shule. Unazoea maji ya chumvi ya bombani na unamjua kwa jina kijana wa mkokoteni anayekuletea mitungi ya maji matamu. Kisha Novemba inafika, treni za kutoka Nairobi zinaanza kujaa, na simu inalia: "Tunaomba nyumba, kuna ukarabati kidogo." Ukarabati gani? Wiki mbili baadaye chumba chako kiko Airbnb, kimepakwa rangi nyeupe, na kitandani kuna mto wenye picha ya mnazi.

Hesabu yake naielewa. Tuseme unalipa elfu 30 kwa mwezi, na mgeni analipa elfu 5 kwa usiku. Usiku 6 tu, kodi yako imerudi. Na ndiyo, nyumba ni yake, huenda hata benki inamdai. Apate faida, sina shida na hilo. Shida yangu ni kunificha. Alijua tangu siku ya kwanza kwamba mimi ni wa kujaza pengo la mvua, lakini akanipokea kama mpangaji wa kudumu.

Na usitegemee sana sheria ikuokoe. Ile ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, inamlinda mpangaji wa nyumba ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. 2,500 jamani! Hiyo apatimenti iko wapi? Wewe wa elfu 30 unabaki na Sheria ya Ardhi ya 2012: ukilipa kwa mwezi bila mkataba wa muda maalum, notisi ni mwezi mmoja. Mwezi mmoja wa kutafuta nyumba msimu ambao kila nyumba inataka wageni, na dipoziti ya zamani bado "inashughulikiwa".

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi wenye jembe ndio tunaofukuzwa ili mgeni wa siku mbili apate kitanda. Na huyo mgeni atapikiwa na nani? Mpishi, nesi, mwalimu, dereva wa tuktuk, wote wanahitaji kulala mahali. Mkiwasukuma mpaka ndani kabisa ya Kilifi, msishangae chai ya mgeni ikichelewa.

Kwa hivyo mwenye nyumba, chagua. Kama unataka mtu wa miezi saba, sema miezi saba, andika kwenye mkataba, na bei iwe ya miezi saba. Kama unataka mpangaji, mpe mwaka mzima na notisi ya miezi mitatu. Dipoziti irudi siku funguo zinaporudi. Kaunti nayo, mnaokusanya ada za biashara, wekeni kanuni: nyumba yenye mtu ndani isigeuzwe ya wageni kabla mkataba wake haujaisha.

Na wewe unayetafuta nyumba wiki hii, usilipe hata shilingi kabla hujaona neno Disemba kwenye karatasi. Akikataa kuliandika, ashakujibu.