Cesare Maldini alionewa kwa mkwaju mmoja

Wako wakufunzi wa kandanda ambao kazi yao ya miaka mingi husahauliwa kwa sababu ya mkwaju mmoja. Miongoni mwao ni Cesare Maldini, Mwitaliano aliyeaga dunia Aprili 2016 akiwa na umri wa miaka 84. Kila anapotajwa, wengi hukumbuka mambo mawili tu: kwamba alikuwa babake Paolo, na kwamba Italia yake ilibanduliwa na Ufaransa katika robo fainali ya Kombe la Dunia la 1998, pale penalti ya Luigi Di Biagio ilipogonga mwamba wa goli. Kwa maoni yangu, hukumu hiyo ni ya haraka na tena ni ya dhuluma.

Ikumbukwe kwamba mzee huyu, mzaliwa wa Trieste, alijiunga na AC Milan mwaka wa 1954 na kutwaa nayo ubingwa wa Italia mara nne. Alikuwa mlinzi wa nyuma kabisa, lakini hakuwa mtu wa kubutua mpira ovyo. Alipenda kuutuliza na kutoka nao kwa madaha, hata akiwa mbele ya lango lake mwenyewe. Alipoteleza, Waitaliano walimcheka, wakatunga neno la kejeli, ‘maldinate’, kutokana na jina lake. Hata hivyo, mlinzi huyo huyo ndiye aliyekuwa nahodha mnamo Mei 22, 1963 uwanjani Wembley, Milan ilipoilaza Benfica ya Eusébio 2-1 na kuwa klabu ya kwanza ya Italia kutwaa Kombe la Ulaya.

Wapinzani wake husema kwamba alipokuwa kocha alipoteza ujasiri huo, akawa mtu wa kujihami. Sikatai kwamba madai hayo yana chembe ya ukweli. Katika mechi ile ya 1998 Italia ilikaa nyuma, na Roberto Baggio akaingizwa katika kipindi cha pili tu kuchukua nafasi ya Alessandro Del Piero. Lakini Ufaransa, iliyokuwa nyumbani na ambayo baadaye iliilaza Brazil 3-0 katika fainali, ilicheza dakika 120 bila kupata bao dhidi ya vijana wa Maldini. Isitoshe, Italia ilikuwa imeshindwa kwa penalti mwaka wa 1990 chini ya Azeglio Vicini, na tena mwaka wa 1994 chini ya Arrigo Sacchi. Je, ni haki ugonjwa wa taifa zima kubebeshwa mtu mmoja?

Na kama kweli alikuwa mwoga, mbona Oktoba 1997, katika theluji ya Moscow, tiketi ya Kombe la Dunia ikiwa hatarini, alipoumia kipa Gianluca Pagliuca alimwingiza Gianluigi Buffon, kijana wa miaka 19 ambaye hakuwa amewahi kuichezea timu ya taifa? Mwoga hafanyi hivyo.

Wengine walinung’unika kwamba alimpendelea mwanawe. Ukweli ni kwamba Paolo aliitwa katika timu ya taifa na Vicini mwaka wa 1988, miaka minane kabla ya babake kukabidhiwa timu hiyo. Ingekuwa ajabu kumwacha nje mlinzi bora kama yule eti kwa kuogopa midomo ya watu.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na hapa ndipo ilipo kazi kubwa ya Maldini. Baada ya kuwa msaidizi wa Enzo Bearzot Italia iliponyakua Kombe la Dunia mwaka wa 1982, alipewa timu ya vijana wasiozidi miaka 21 mwaka wa 1986. Aliilea kwa miaka kumi, na katika 1992, 1994 na 1996 ikawa bingwa wa Ulaya mara tatu mfululizo. Humo walipitia Fabio Cannavaro, Alessandro Nesta na Francesco Totti.

Tazama basi yaliyotokea Berlin mwaka wa 2006. Italia ilikutana na Ufaransa ile ile, safari hii katika fainali, na mambo yakaamuliwa kwa penalti zile zile. Nahodha alikuwa Cannavaro, langoni alisimama Buffon, na Italia ikashinda. Kocha alikuwa Marcello Lippi, naye alistahili sifa zote alizopewa. Lakini ni wangapi siku hiyo walimkumbuka mzee aliyewalea vijana hao, ambaye miaka minne awali, akiwa na umri wa miaka 70, alikuwa ameifikisha Paraguay raundi ya pili ya Kombe la Dunia na kuondolewa na Ujerumani kwa bao la dakika za mwisho?

Sisi mashabiki wa soka, hapa Kenya kama kwingineko, tuna pupa ya kudai kocha afukuzwe kila timu inaposhindwa. Kabla ya kupaza sauti, heri tuulize kwanza kocha huyo amelea vijana gani, maana matunda ya malezi huenda yakavunwa na mwingine wakati yeye keshaondoka.