Kuingia Bwawani Si Kazi, Kazi Kutoka

Sema tu kwamba unataka ndugu yako mwenye ulemavu aogelee kwenye bwawa la nyumbani, na neno la kwanza utakalorudishiwa ni lifti. Fundi wa bwawa atalitamka, na binamu aliyeko Marekani atakutumia picha: kiti cha plastiki kwenye mkono wa chuma, betri, kitufe cha kubonyeza. Bei yake ni maelfu ya dola, kabla ya meli na ushuru. Mazungumzo hufia hapo, na bwawa hubaki la watoto na wageni wa sikukuu. Nyuma ya neno hilo moja kuna madai kadhaa ambayo watu huyapokezana bila kuyapima.

La kwanza ni kwamba bila lifti haiwezekani, na kwamba hata sheria za wenzetu zinasema hivyo. Hazisemi. Viwango vya Marekani vya mwaka 2010 vinataja njia tano za kumwingiza mtu majini: lifti, mteremko, ukuta wa kujihamishia, jukwaa lenye vidato, na ngazi. Ni kweli kwamba bwawa dogo la hoteli linatakiwa liwe na mojawapo ya zile mbili za kwanza. Lakini viwango hivyo vinahusu hoteli, shule na mabwawa ya umma. Bwawa la nyumba ya mtu binafsi halimo. Mwenye nyumba wa Mbezi Beach au Nyali hana wa kumlazimisha anunue mashine, ila anaweza kunufaika bure na vipimo vilivyomo, maana vimetokana na miili ya watu halisi.

Vipimo vyenyewe ni hivi. Jukwaa la kujihamishia linatakiwa liwe na kimo cha sentimeta 40 hadi 48 hivi kutoka sakafuni, yaani usawa wa kiti cha magurudumu au chini yake kidogo. Kutoka hapo mtu hushuka kwa makalio, kidato baada ya kidato, na kila kidato kisizidi sentimeta 20 kwenda chini, kiwe na kina cha sentimeta 35 au zaidi ili makalio yakae yote. Vidato viendelee hadi sentimeta 45 chini ya maji. Sasa chukua tofali la kawaida la inchi 6 (huo ni unene wake, si kimo). Kozi mbili, pamoja na udongo wa saruji, zinakupa karibu sentimeta 48. Kwa kiti cha kukalia kilichojengwa ukingoni hakuna cha kuagiza ng'ambo: ni kazi ya fundi mwashi, tofali, nondo kidogo, na plasta iliyosuguliwa pembe zake mpaka ziwe mviringo. Hilo la pembe lisidharauliwe. Mtu asiyehisi chochote kuanzia kiunoni anaweza kuchunika ngozi kwenye plasta ya kukwaruza na asijue mpaka jioni, na kidonda cha makalio kwake kinaweza kuchukua miezi kupona. Kigae cheusi kilichopigwa na jua la saa saba nacho humuunguza vilevile, kimya kimya. Taulo nene iliyolowa maji inatosha kuzuia yote mawili.

Sehemu ya ndani ya maji ndiyo yenye ujanja. Usivunje bwawa. Kuna ngazi za plastiki za kuweka na kutoa, zinazojazwa mchanga au maji ili zizame, na fundi mzuri wa chuma kisichoshika kutu anaweza kutengeneza za kwako kwa vipimo vile vile. Jambo la kuangalia ni upana na uthabiti. Nyingi zinazouzwa ni nyembamba, zimekusudiwa mtu anayetembea.

Dai la pili: "Kama si lifti, basi tujenge mteremko." Piga hesabu kwanza. Mteremko salama ni moja kwa kumi na mbili, yaani kila sentimeta moja ya kushuka inataka kumi na mbili za urefu. Kufikia maji ya sentimeta 75 unahitaji mita 9. Mabwawa mengi ya majumbani hayafiki hata mita 10. Utakuwa umelikata bwawa lote ukabakiwa na njia.

La tatu ndilo linalosemwa kwa upendo mwingi zaidi, nalo ndilo linaloumiza zaidi: "Vijana wapo, tutambeba." Kumbeba kuingia ni rahisi, na hapo ndipo watu hudanganyika. Maji yakimfika mtu kiunoni humpunguzia karibu nusu ya uzito wake, na yakimfika shingoni humpunguzia kama asilimia 90. Mzee wa kilo 80 anakuwa mwepesi kama mtoto mchanga, kila mtu anacheka, picha zinapigwa. Kisha inafika saa ya kutoka. Kila sentimeta anayoinuliwa juu ya maji, uzito unamrudia. Anafika ukingoni akiwa na kilo zake 80 zote, amelowa, anateleza, na wanaombeba wamesimama juu ya vigae vilivyolowa huku migongo imepinda. Hapo ndipo viuno vinapoteguka, na ndipo mzee anaposhikwa kwapani na kuvutwa kwa bega lile lile lililolegea tangu apate kiharusi. Bega la upande uliopooza ni rahisi kuchomoka, na wataalamu wa fiziotherapia hukataza kulivuta hata kitandani.

Kwa hiyo mpango wowote, wa bei yoyote, usiupime kwa kuuliza ataingiaje. Uliza atatokaje, akiwa amechoka, na vijana wakiwa wamekwenda mpirani. Vidato vya sentimeta 20 vinajibu swali hilo kwa mtu mwenye mikono yenye nguvu: anakaa kinyumenyume, anajiinua kidato kimoja, anapumzika, anajiinua tena. Asiye na nguvu hizo anahitaji kitu kingine, na hapo lifti huwa na haki yake. Sikatai. Ninachokataa ni kumwuzia lifti mtu aliyehitaji tofali thelathini.

"Lakini ngazi ya chuma ipo tayari." Ile ya kusimama wima kama ya baharia? Hiyo ni ngumu hata kwa bibi asiye na ulemavu wowote. Ngazi pana ya vidato vifupi ni habari nyingine, na kwa aliyepooza upande mmoja huwa ndiyo njia bora kuliko zote, mradi reli za kushikilia ziwe mbili. Wengi huweka moja, upande wa mkono mzima. Anashuka vizuri kabisa. Akigeuka kutoka, reli ileile iko upande wa mkono uliokufa! Weka reli pande zote mbili, au moja katikati ambayo anaipata kwa mkono ule ule akienda na akirudi. Kama ni za chuma, fundi umeme aziunganishe na waya wa ardhi, na taa na pampu za bwawa ziwe nyuma ya kikatio kinachozima umeme unapovuja, cha miliampea 30.

Kuna wajanja watakaopendekeza winchi ya gereji, ile inayonyanyua injini, au winchi ya kumhamishia mgonjwa kutoka kitandani. Zote mbili husimama imara kwa sababu miguu yake iko chini ya mzigo. Ukingoni mwa bwawa miguu inabaki nchi kavu na mzigo unaning'inia juu ya maji, mbele ya miguu. Itapinduka. Lifti nyingi za bwawa hufungwa kwenye zege, na hiyo ndiyo sababu. Zipo zisizohitaji umeme, zinazosukumwa na maji ya bomba, nazo husifiwa kuwa nafuu. Lakini hutaka msukumo wa baa tatu na zaidi, na tangi lililo juu ya mnara wa mita 6 linakupa baa 0.6 tu. Ongeza basi bei ya pampu.

Wengine watakuambia kiti cha magurudumu kitaoza kwa klorini. Kitaoza kweli, kwa hiyo kibaki kivulini. Kiti cha bafuni cha mabomba ya plastiki kinamaliza kazi.

Halafu kuna dai lisilosemwa mbele ya mhusika: mwenye bwawa hawezi kukosa hela ya lifti. Aliyesema hivyo hajaishi na kiharusi. Ugonjwa huo mara nyingi humwangusha yule yule aliyekuwa analeta hela, na akiba ikaenda kwenye hospitali, dawa na mazoezi ya viungo. Nyumba ni ile ile, geti ni lile lile, mfuko ni mwingine. Wengine wamepanga, na mwenye nyumba hataki zege lake litobolewe. Hao ndio wanaofaidika na ngazi ya kuweka na kutoa.

Mwisho, "atazama." Husnah Kukundakwe wa Uganda, aliyezaliwa bila sehemu ya chini ya mkono mmoja, aliogelea kwenye Paralimpiki za Tokyo akiwa na miaka 14, na kuogelea kumo katika michezo hiyo tangu ile ya Roma mwaka 1960. Lakini hofu hiyo isitupwe yote. Mwenye kifafa asiingie bila mtu aliye naye ndani ya maji. Aliyeumia uti wa mgongo kwenye usawa wa kifua au juu yake amwone daktari kwanza, kwa kuwa presha yake inaweza kupanda ghafla kwa jambo dogo kama kibofu kilichojaa. Na boya la kuvaa mikononi au la duara si kinga kwa yeyote kati yao: miguu isiyo na nguvu huelea isivyotarajiwa na kumgeuza mtu kifudifudi. Jaketi okozi lenye kola, linaloshikilia kichwa juu, lijaribiwe kwanza kwenye maji ya kina kifupi, msaidizi akiwa amesimama kando yake na nambari ya simu ya dharura ikiwa imebandikwa ukutani.