Lami Haina Huruma kwa Ekseli

Wahenga walinena kuwa mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mbio za lami nazo, kwa mwenye gari kuukuu lenye injini kubwa, aghalabu huishia kwenye ekseli.

Zamani, aliyetoka Kibwezi kwenda Kitui kupitia Mutomo alipita katika vumbi na mchanga. Leo barabara hiyo ina lami, na ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, imezuka dhana potovu kwamba lami hulihurumia gari kwa kila hali. Huihurumia springi, naam. Lakini kijana anayelitumia gari moja kwenda kazini Jumatatu na kushindania Jumamosi nani atachomoka kwanza, huumiza viungo asivyoviona.

Walimu na wanafunzi wa vyuo vya ufundi vya Kitui na Makueni na watufuatie katika hesabu hii. Tuseme injini inatoa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni mita 300. Gia ya kwanza huizidisha mara 3, na difu mara 4. Ekseli basi hufikiwa na 3,600, tukiacha kinachopotea njiani. Dereva anapoiachilia klachi kwa ghafla huku injini ikinguruma, uzito wa gurudumu la injini hupiga kishindo kinachozidi hata kiasi hicho. Penye mchanga, tairi huteleza na kishindo kikapungua. Penye lami kavu, tairi hushika barara. Basi kisipoteleza kitu, kitavunjika kitu.

Je, gari la namna hiyo haliwezi kudumu? Laweza. Mwaka wa 2009, Ian Duncan, bingwa wa Safari Rally ya 1994, alishinda mashindano ya magari ya kale ya East African Safari Classic akiendesha Ford Mustang. Gari hilo la Kimarekani halikubuniwa kwa mashimo yetu, nayo mashindano hayo ni ya maelfu ya kilomita. Ushindi wa aina hiyo haupatikani kwa injini pekee. Gurudumu likiruka hewani huzunguka kasi, na likitua hukamatwa ghafla na ardhi. Dereva mwerevu huondoa mguu kwenye mafuta kabla ya kutua. Kila jioni mafundi huingia chini ya gari kukagua. (Tunaowaonea wivu madereva hao husahau kuwaonea wivu mafundi wao!)

Kwetu mambo huenda kinyume. Mwenye gari hutafuta injini kubwa zaidi, akaifunga mbele ya giaboksi na difu zilezile za awali. Fundi hulipwa na kunyamaza. Hapo ndipo tunapolaumu, wala hatulaumu mbio peke yake.

Twapendekeza kila mwalimu wa makanika aombe gereji za mjini ekseli zilizovunjika, azilete darasani. Chuma kilichovunjika ni kitabu. Penye uchovu wa muda mrefu pataonekana sehemu laini yenye mistari kama mawimbi, kisha sehemu ndogo ya kukwaruza iliyokatika mwishoni. Mwanafunzi atang'amua kuwa ekseli hiyo ilianza kufa miezi kadhaa kabla, nyufa zikianzia kwenye meno yake, huku mwenyewe akijigamba barazani.

Aidha, afundishwe kusikiliza mlio wa "tok" gari linapobadilishwa kutoka gia ya mbele hadi ya nyuma, kutikisa viungo vya propela kwa mkono, na kumwaga oili ya difu ili atazame kama ina chembe za chuma. Kazi hiyo yote haifiki nusu siku.

Na la mwisho si la fedha bali la uhai. Propela ikikatika upande wa mbele, ncha yake huweza kuanguka na kuchoma barabara, gari likainuka au kupinduka. Pete ya chuma iliyofungwa kuizunguka huizuia isianguke. Fundi yeyote wa kuchomelea pale Wote au Mwingi anaweza kuitengeneza kabla ya Jumamosi ijayo, na gari lisilo nayo lisiruhusiwe mstarini.