Nguvu za Mwenye Kuuguza

Mzee anayemuuguza mwenzi wake ana wajibu wa kuutunza pia mwili wake mwenyewe, na wajibu huo si anasa wala ubinafsi, kwani miguu yake na mgongo wake ni sehemu ya dawa ya mgonjwa. Jambo hili halina budi kusemwa waziwazi katika nyumba za Kilosa na Mikumi, ambako watoto wengi wamekwenda kutafuta riziki Morogoro na Dar es Salaam wakawaacha wazazi wawili, mmoja kitandani na mwingine akimhudumia, na ambako mke asiyebanduka kando ya mumewe hata siku moja husifiwa na majirani wote. Sifa hiyo ni ya haki, lakini ndani yake mna hatari isiyotazamwa.

Miongoni mwa maradhi yanayowalaza wazee ni kiharusi, yaani ugonjwa unaotokea pale damu inaposhindwa kufika kwenye sehemu ya ubongo kwa sababu mshipa umeziba au umepasuka. Uchunguzi uliofanywa katika miaka ya 1990 huko Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini, jirani kabisa na Kilosa, na kuchapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba kiharusi kiliua kwa kiwango kikubwa zaidi katika rika lilelile kuliko Uingereza na Wales, na watafiti wakaona kuwa huenda shinikizo la damu lisilotibiwa ndilo chanzo kikubwa. Anayenusurika mara nyingi hubaki na upande mmoja wa mwili uliopooza, na hapo mwenzi wake huanza kazi isiyo na likizo: kumlisha, kumwogesha, na kumgeuza kila baada ya saa 2, usiku na mchana, asije akapata vidonda vya mgandamizo, ambavyo ni vidonda vinavyochimbika visiginoni, nyongani na kiunoni kwa ngozi kubanwa mahali pamoja muda mrefu.

Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 4 wazee wenye umri wa kati ya miaka 66 na 96, na wakakuta kwamba wale waliowauguza wenzi wao huku wakilemewa na kazi hiyo walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 63 ile ya wenzao wasiouguza mtu. Waliouguza bila kulemewa hawakuonekana kuwa na ongezeko hilo. Kwa hiyo kinachoua si mapenzi wala utumishi, bali ni mzigo uliobebwa na mtu mmoja bila usingizi na bila kupokezana, na mzigo wa namna hiyo unaweza kupunguzwa.

Wapo watakaojibu kwamba kuuguza kwenyewe ni mazoezi tosha. Hoja hiyo haisimami, kwa kuwa misuli hupungua kadiri umri unavyosonga, na kunyanyua mtu mzima kwa mgongo uliopinda hakuirudishi, ila huutesa uti wa mgongo. Afadhali khanga ikunjwe mara mbili na kutandikwa chini ya mgonjwa kutoka mabegani hadi makalioni, kisha mwuguzaji asimame kwa miguu iliyoachana, akunje magoti, aivute khanga kumwelekea yeye mwenyewe kwa uzito wa mwili wake, na mgonjwa atageuka pamoja nayo bila kukwaruzwa ngozi. Maarifa haya madogo huokoa viuno vingi, na ni ajabu kwamba hayafundishwi kwa kila familia siku mgonjwa anaporuhusiwa kutoka hospitali.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima, wakiwamo wenye miaka 65 na zaidi, watimize angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli za kuupa mwili jasho la wastani, na wazee waongeze mazoezi ya nguvu na ya mizani ya mwili, yaani uwezo wa kusimama imara bila kupepesuka, siku 3 kwa wiki. Hayo hayahitaji ukumbi wala mavazi maalumu. Mzee wa Kilosa aweza kutembea asubuhi kabla jua halijachoma, au kwenda kupalilia matuta machache ya mchicha. Wa Mikumi na achague njia za ndani ya mitaa, mbali na barabara kuu ya Iringa yenye malori, na asielekee upande wa hifadhi ya wanyama wakati wa giza, maana tembo hawana ratiba. Siku ya mvua, kuinuka kitini na kuketi tena mara 10 bila kushika kitu kunatosha kuamsha mapaja.

Kinachokosekana ni saa moja ya kuondoka nyumbani, na saa hiyo lazima itoke kwa wengine. Wazee wa leo ndio vijana wa mwaka 1973, walioketi katika vikundi vya kusikiliza redio wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowahusisha watu wazima wapatao milioni 2, wakatoka hapo kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vilivyoficha mbu. Kizazi kilichoweza hayo kinaweza kupanga zamu ya jirani mmoja kukaa na mgonjwa jioni moja moja. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 haiwezi kushika zamu hiyo. Wanaume nao wasijitoe, kwani mume anayeona haya kumwogesha mkewe aliyepooza humwachia binti au mkwe kazi ambayo ndoa ilimkabidhi yeye.

Tena mgonjwa naye asisahauliwe katika mazoezi haya. Pale mhudumu wa afya anaporidhia, mwenye kiharusi na asimamishwe kila siku mlangoni, mkono mzima ukishika mwimo, mwenziwe akiwa upande uliolegea na khanga imefungwa kiunoni mwa mgonjwa ipate kushikwa, nao wahesabu pamoja kwa sauti hadi 10, kisha wapumzike na kuanza tena.