Si kila homa ni taifodi: funzo la maabara kutoka Mukuru

Mpwa wangu alikuja Nairobi likizo ya Agosti kutoka Msambweni. Ana miaka tisa. Siku ya sita tangu ashuke basi aliamka mwili wamoto, akaniambia, "Mjomba, kichwa chaniuma, na viungo pia." Nikampeleka kliniki moja ya mtaani huku Kayole ninakoishi, zile ambazo daktari, maabara na duka la dawa viko chumba kimoja. Wakamtoa damu, na baada ya robo saa tukapewa karatasi: taifodi. Tukatoka na vidonge vya siku saba na sindano juu yake.

Siku ya tatu homa ilikuwa imepanda zaidi, na mtoto akaanza kutapika. Dadangu alipopiga simu usiku huo hakuuliza mtoto amepewa dawa gani. Aliuliza jambo moja tu: "Kaka, malaria wamempima?"

Hawakuwa wamempima. Alfajiri tulikimbilia hospitali ya umma, wakachukua tone moja la damu kidoleni, na kabla ya nusu saa kwisha jibu lilikuwa limetoka. Mtoto alikuwa na malaria. Mbu alimuuma kwao Msambweni, vijidudu vikasafiri naye hadi Nairobi. Alilazwa siku nne, akapona, twashukuru.

Sisimulii haya ili kumsuta mhudumu yule. Nasimulia kwa sababu najua wengi wenu mmepitia mlango kama huo. Huku Eastlands, kuanzia Dandora hadi Umoja, mtu akipata homa husema "nina taifodi" kama asemavyo "nina mafua". Kwetu Pwani mambo ni yale yale, ila karatasi husema "malaria na taifodi" kwa pamoja. Ndipo nikajiuliza: taifodi yote hii yatoka wapi? Jibu lipo, na sehemu kubwa yake imepatikana hapa hapa Eastlands, katika vijiji vya mabanda vya Mukuru.

Kipimo cha mwaka 1896

Tuanze na ile karatasi. Kliniki nyingi ndogo hutumia kipimo kinachoitwa Widal, kwa jina la daktari Mfaransa Fernand Widal aliyekitangaza mwaka 1896. Mhudumu huchukua maji ya damu ya mgonjwa, akayachanganya na matone yenye bakteria wa taifodi waliokwisha kuuawa. Mchanganyiko ukigandamana vipunjepunje, ina maana mwili wa mgonjwa una kinga inayowatambua bakteria hao.

Tatizo liko hapo. Kipimo hiki hakimtafuti bakteria, chatafuta alama aliyoiacha mwilini. Ni kama kuona nyayo mchangani: utajua kuna aliyepita, lakini hujui kama amepita asubuhi hii au mwezi uliopita, wala huna hakika ni yeye au ndugu yake. Kinga hubaki mwilini kwa miezi. Bakteria wengine wa jamii hiyo hiyo huleta kinga inayofanana. Katika mitaa ambayo watu wengi wamewahi kukutana na taifodi, hata mtu mzima asiyeumwa popote aweza kupimwa akaambiwa anayo. Ndiyo maana kipimo hiki kilitakiwa kifanywe mara mbili kwa kupishana siku kadhaa, ili ionekane kama kinga inapanda. Nani kati yetu amewahi kuitwa arudi kupimwa mara ya pili?

Njia ya kumpata bakteria mwenyewe ni kalcha ya damu. Damu hutiwa kwenye chupa yenye supu ya kuwalisha bakteria, ikawekwa mahali penye joto kama la mwili. Kama wamo, watazaana. Kisha maabara huwatambua, na huwajaribu kwa dawa mbalimbali ili kuona ipi inawaua na ipi wanaicheka.

Walichokikuta Mukuru

Profesa Samuel Kariuki, alipokuwa katika taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI, pamoja na wenzake, walifuatilia bakteria wa jamii hii kwa miaka mingi, na Mukuru ni mojawapo ya mahali walipofanyia kazi. Mwaka 2021 walichapisha matokeo ya utafiti wa miaka mitatu kuhusu watoto wa chini ya miaka 16 katika mtaa wa mabanda jijini Nairobi. Waliwapima watoto 4,670 waliokuwa na homa. Bakteria wa taifodi waliopatikana kutoka kwa wagonjwa hao walikuwa 148.

Tufanye hesabu pamoja. Kati ya kila watoto 100 wenye homa, taifodi iliyothibitishwa ni kama watatu. Mtaalamu ataniambia kalcha nayo si kamilifu, kwamba hukosa karibu wanne kati ya kila wagonjwa kumi wa kweli wa taifodi. Ni kweli, na hilo tulikubali. Lakini hata ukiizidisha hesabu hiyo mara mbili, hufikishi watoto saba kati ya 100. Na huu ni mtaa wa maji taka na mabomba yaliyotoboka, mahali ambapo taifodi ina makao hasa. Waliobaki, zaidi ya 90, walikuwa na homa ya kitu kingine. Ukiwapa wote dawa ya taifodi, kile kinachowaumiza kitaendelea na kazi yake, kama malaria ilivyoendelea ndani ya mpwa wangu.

Utafiti huo ulitazama pia watoto 8,549 wasio na homa. Choo chao kilipopimwa, bakteria wa taifodi walipatikana mara 95. Yaani kama mtoto mmoja kati ya 100 anawabeba, anacheza, anakula, na anawapitisha kwa wengine bila mtu kujua. Bakteria hawa hupenda kujificha kwenye kifuko cha nyongo, na mahali penye vijiwe vya nyongo hujijengea utando wa kunata, kama ule utelezi unaoota ndani ya mtungi wa maji usiosuguliwa. Dawa hupita juu ya utando huo kwa shida.

Bakteria aliyesoma dawa zetu

Jambo lililonikosesha usingizi ni hili. Walipozisoma chembe za urithi za bakteria hao, watafiti walikuta karibu wote ni wa ukoo mmoja uitwao H58, ukoo ulioenea kutoka Asia Kusini hadi kwetu Afrika Mashariki. Asilimia 76 ya waliotoka kwa wagonjwa, na asilimia 88 ya waliotoka kwa wabebaji, walikuwa sugu kwa dawa nyingi kwa pamoja. Dawa hizo ni zile za wazee wetu: kloramfenikoli, ampisilini, na kotrimoksazoli tunayoiita Septrin.

Zilipochoka hizo tukahamia siprofloksasini. Dawa hii hufanya kazi kwa kukikaba kimeng'enya ambacho bakteria hukitumia kufungua na kufunga uzi wake wa urithi. Bakteria akibadilisha tofali moja tu la kimeng'enya hicho, mahali penyewe, dawa haishiki tena vizuri. Tofali moja! Ukimpa nafasi ya kujaribu kila wiki, ndani ya miili ya maelfu ya watu wasiohitaji dawa hiyo, iko siku atapatia. Na wanaojaribu si wa taifodi peke yao. Kila kidonge cha namna hiyo hupita tumboni, ambako bakteria wengine wengi wanaishi, na wao pia hujifunza.

Mwisho wa njia hiyo unajulikana. Katika mkoa wa Sindh nchini Pakistan, kuanzia mwaka 2016, ilizuka taifodi iliyozishinda dawa za zamani, ikaishinda siprofloksasini na ikaishinda hata seftriaksoni, ile sindano tunayochomwa hospitalini. Dawa ya vidonge iliyobaki kutegemewa ilikuwa moja, azithromaisini. Na hiyo, ndugu zangu, huku kwetu wauzwa juu ya kaunta kwa kikohozi.

Tuwe wa haki kwa wahudumu

Nimezungumza na wahudumu wa kliniki ndogo, na hoja zao si za kupuuzwa. Kalcha huchukua siku mbili hadi tano, na mama amesimama mbele yako na mtoto anayeungua leo. Yahitaji mashine, chupa maalumu na mtaalamu, vitu ambavyo hospitali nyingi za kaunti hazina, sembuse chumba kimoja cha Kayole. Na mgonjwa mwenyewe akiondoka bila karatasi na bila dawa, huona ameibiwa, akaenda kliniki ya pili.

Yote hayo ni kweli. Tena taifodi ni ugonjwa wa hatari, hutoboa utumbo na kuua, na daktari anayeishuku kwa dalili nzito hawezi kungoja siku tano ndipo aanze tiba. Lakini kuna tofauti ya kuanza tiba kwa kushuku huku umechukua damu ya kalcha, na kuanza tiba kwa karatasi ya Widal na kufunga faili. Wa kwanza atajirekebisha jibu likija. Wa pili hatajua kamwe kwamba alikosea.

Wapwani tuna mfano wetu wenyewe. Hospitali ya Kilifi, ikishirikiana na kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome, ilianza mwaka 1998 kuotesha damu ya watoto wanaolazwa. Matokeo ya miaka minne ya mwanzo, yaliyochapishwa 2005, yalionyesha kwamba maambukizi ya bakteria kwenye damu yalihusika na asilimia 26 ya vifo vya watoto hospitalini hapo, wakati sisi sote tukiamini ni malaria tu inayotumalizia watoto. Kazi hiyo ya maabara ilisaidia kujenga hoja ya chanjo za kuzuia nimonia, na chanjo ya nimokoko ikaingia Kenya mwaka 2011. Kilifi haikuwa tajiri kuliko kaunti nyingine. Ilikuwa na maabara iliyouliza swali sahihi.

Chanjo, maji na swali la dadangu

Mwezi Julai 2025 serikali ilipeleka chanjo mpya ya taifodi kwa watoto wa miezi tisa hadi miaka 14 nchi nzima, na lengo lilikuwa watoto wapatao milioni 19. Maneno mengi yalisemwa mitandaoni. Niwaambie chanjo hiyo ni kitu gani. Bakteria wa taifodi amejivika koti la sukari. Mwili wa mtoto mdogo hauikumbuki sukari, kwa hiyo chanjo ya zamani ya sukari tupu haikuwafaa walio chini ya miaka miwili. Wanakemia waliichukua sukari ile wakaifunga kwa kiungo imara kwenye protini, na mwili ukiiona protini huikumbuka pamoja na sukari iliyoibeba. Kule Malawi, katika jaribio la watoto zaidi ya 28,000 mjini Blantyre, chanjo ya aina hii ilizuia taifodi kwa takriban asilimia 80. Mtoto aliyechanjwa hahitaji dawa, na bakteria asiyekutana na dawa hana cha kujifunza.

Chanjo haiondoi maji machafu, hata hivyo. Mabomba ya plastiki huku Mukuru hupita ndani ya mitaro ya maji taka. Anayetia dawa ya klorini kwenye mtungi na ajue jambo hili: klorini huanza kushambulia uchafu wowote inaoukuta, kwa hiyo maji yenye tope huimaliza nguvu kabla haijamfikia bakteria. Chuja kwanza kwa kitambaa safi, tia kipimo kilichoandikwa, kisha ngoja nusu saa.

Na kwa viongozi wetu wa kaunti, kwa kuwa afya iko mikononi mwao tangu 2013: kabla ya kuzindua jengo jingine la zahanati, tuambieni ni hospitali ngapi zenu zinaweza kufanya kalcha ya damu leo, na damu iliyotolewa Lunga Lunga au Garsen itafikaje kwenye hiyo maabara kabla haijaharibika. Boda boda na sanduku la kubebea chupa si mradi wa mabilioni.

Sisi wazazi tuna la kufanya leo. Mtoto akipata homa, mwambie mhudumu alikotoka na alikosafiri majuma ya karibuni, hasa mkiwa Nairobi naye ametoka Pwani. Omba apimwe malaria kwanza. Ukiambiwa ni taifodi, uliza: kwa kipimo gani? Wakisema Widal peke yake, uliza kama anaweza kutumwa mahali penye kalcha. Hupandi mabega kwa kuuliza, na mhudumu mwema hatakasirika.

Mpwa wangu amerudi Msambweni, anacheza mpira. Mamake hajasomea udaktari. Alijua tu mwanawe alikotoka, akauliza kile ambacho mimi, niliyekuwa naye, sikuuliza.