Mtoto Azibaye Masikio Mvua Inyeshapo

Msomaji wangu, juma lililopita nilipokea barua ya kurasa nne kutoka kwa mama mmoja wa wilaya ya Muleba, iliyoandikwa katika karatasi zilizochanwa kutoka daftari la shule. Anaye mtoto wa kiume wa miaka sita. Mtoto huyo alianza kutamka maneno machache alipokuwa na mwaka mmoja na nusu, kisha akayaacha yote. Hamtazami mtu usoni, haitiki aitwapo jina lake, na mvua inapogonga bati hujificha chini ya kitanda huku ameziba masikio na kulia mpaka sauti inakauka.

Wewe uliyezaliwa Dodoma huenda usiutambue uzito wa jambo hilo. Ukanda wa ziwa wa mkoa wa Kagera ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi mno katika nchi yetu. Mji wa Bukoba peke yake hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Basi fikiri ni siku ngapi mama huyo hulala sakafuni kando ya kitanda, mkono wake akiupenyeza chini ili mtoto aushike.

Mama mkwe wake asema kwamba uzao wa upande wa mama una laana. Mawifi hawali tena chakula alichokipika. Mumewe si mtu mbaya, aandika, ila huona haya, na wageni wakija huamuru mtoto apelekwe nyuma, migombani. Hivi karibuni, ndani ya basi, mama alikutana na mwanamke wa Bukoba mwenye binti wa namna hiyohiyo, akaambiwa kuwa huko mjini wapo akina mama wachache wanaokutana nyumbani kwa mmoja wao, Jumamosi moja kila mwezi. Alipomwomba mumewe ruhusa ya kwenda, alijibiwa kwamba siri ya nyumba haitangazwi mjini. Swali lake kwangu ni fupi: je, aende?

Kabla ya kumjibu, yafaa tuelewane juu ya jambo lenyewe. Hali aliyoieleza yafanana sana na ile iitwayo usonji, ingawa mwandishi wa gazeti hana haki ya kumpima mtoto kwa barua, na kazi hiyo ni ya daktari. (Mchapaji wetu alitaka kulisahihisha neno hilo liwe “msongo”. Hapana. Msongo wa mawazo ni jambo jingine kabisa, ingawa mama huyu anavyo vyote viwili nyumbani.) Usonji si wazimu, wala si ugonjwa wa kuambukizwa. Ni namna tofauti ya kukua kwa ubongo, ianzayo utotoni na kudumu maishani, ambayo humfanya mtu apate taabu katika mazungumzo na mahusiano, ashikilie mno mazoea yake, na mara nyingi azidiwe na sauti, mwanga au mguso ambao sisi wengine hatuujali. Wapo wasiosema hata neno moja. Wapo pia wasomi wa vyuo vikuu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya kila watu 127 duniani alikuwa na hali hii. Mkoa wa Kagera, kwa sensa ya mwaka 2022, una watu karibu milioni 3. Tukiukubali uwiano huo, ingawa ni makisio tu, tunapata watu zaidi ya 23,000. Wako wapi? Wengi wako nyuma, migombani.

Ama kuhusu laana, mama wa Muleba asidhani kwamba ni wakwe zake tu waliokosea. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 wenye hali hii mwaka 1943, na baada ya hapo wataalamu wakubwa walikaa miaka mingi wakiwalaumu wazazi kuwa ni wenye mioyo ya baridi. Bruno Bettelheim wa Chicago aliieneza fikra hiyo kwa kitabu chake cha mwaka 1967, na akina mama wasiohesabika wakabebeshwa lawama hiyo kwa lugha ya kitaalamu. Leo yajulikana kwamba ilikuwa uongo mtupu. Urithi wa damu una sehemu kubwa, lakini urithi si kosa la mtu, na hutoka pande zote mbili za ndoa; hilo nalo mama mkwe alisikie. Hali kadhalika, uchunguzi uliotolewa mwaka 2006 juu ya watoto 20 wa Tanzania ulionyesha kwamba kwa baadhi yao dalili zilianza baada ya malaria kali. Malaria haileti usonji kwa kila mtoto aliyeugua, lakini katika wilaya kama Muleba, ambayo imewahi kukumbwa na milipuko mikali ya malaria, hiyo ni sababu nyingine ya kutochelewesha mtoto mwenye homa.

Sasa nalirudia swali. Kila mahali nilipotafuta habari za kusaidiwa kwa watoto hawa, nilikuta kwamba aliyeanza alikuwa mzazi. Mwaka 1962 wazazi wachache waliunda chama huko London, miongoni mwao daktari Lorna Wing ambaye mwenyewe alikuwa na binti mwenye usonji. Kufikia mwaka 1965 walikuwa wamefungua shule yao. Jirani zetu wa Kenya wana chama chao kilichoanzishwa na wazazi Nairobi mwaka 2003. Hapa kwetu, Dar es Salaam ina kitengo cha watoto hawa katika shule ya msingi ya Msimbazi Mseto, Lushoto ina shule ya Irente Rainbow ya Kanisa la Kilutheri, na chuo cha Patandi, Arusha, hufunza walimu wa elimu maalumu. Lakini Lushoto na Arusha ziko mbali mno na Muleba.

Wala watu wa Kagera hawahitaji kufundishwa na London jinsi ya kushikana mikono. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983, katika hospitali ya Ndolage, Muleba. Wakati huo nao kulikuwa na minong'ono ya uchawi, na nyumba nyingi zilifungwa madirisha. Kilichoyafungua ni watu kukaa pamoja na kusema wazi. Na ilipofika mwaka 1989 ndugu na marafiki wa wagonjwa waliunda WAMATA, chama kilichojulikana nchi nzima. Tena kabla ya hayo yote, vijiji vya Buhaya vilikuwa na vikundi vyao vya kusaidiana wakati wa msiba na maradhi, ambavyo baadhi ya watu huviita bujuni. Mtu afiwapo, haulizwi kwanza kama ni aibu.

Kwa hiyo namwambia mama: nenda. Lakini kwenda Bukoba kila mwezi, zaidi ya saa moja kwa basi pamoja na mtoto asiyestahimili makelele, si jambo ambalo mtu mwenye akili atamshurutisha mwenzake kulifanya. Nionavyo mimi, Bukoba na Muleba ziwe na mikutano yake kila moja, kisha zishirikiane. Mjini ipo hospitali ya rufaa ya mkoa, na jirani ipo Mugeza Mseto, shule iliyozoea kwa miaka mingi kuwapokea watoto wenye ulemavu. Muleba kuna hospitali za Rubya na Ndolage, na kuna visiwa kama Bumbire ambako mzazi hatafika mjini ila kwa mtumbwi. Mtaalamu akipatikana Bukoba, asiishie hapo. Wachangishane nauli yake afike Muleba, kwa maana ni rahisi kumsafirisha mtu mmoja kuliko kuwasafirisha watoto thelathini. Na mtoto wa Muleba akipangiwa siku ya hospitali mjini, alale kwa mzazi mwenziwe ambaye hatashangaa akipiga kelele usiku.

Liko jambo moja ambalo haliwezi kungoja mtaalamu. Watoto hawa wengi hupenda kutoroka, na wengi wao huvutwa na maji. Mikoa mingine ina visima. Huku kuna ziwa. Wazazi wa pande zote mbili wapeane majina na picha za watoto, na wawaonyeshe wavuvi, waendesha bodaboda na wauzaji wa mwaloni, ili mtoto aonekanapo peke yake asifukuzwe kama kichaa bali ashikwe mkono, kwa upole, na arudishwe. Siri ya nyumba, baba, yaweza kumzamisha mwanao.

Mambo mengine ni madogo, nayo wazazi huyajua kuliko waandishi: maneno machache badala ya hotuba, picha zilizochorwa zikionyesha nini kitafuata nini tangu asubuhi, kitambaa kinene cha kufunika masikio mawingu yatandapo. Mama mwenyewe aandika kwamba mwanawe aweza kukaa saa nzima akichambua maharage kwa rangi bila kukosea hata moja. Huo ni mwanzo wa shule. Dawa ya kuuondoa usonji haipo, na yeyote auzaye dawa hiyo, awe na hirizi au awe na koti jeupe, afungiwe mlango.

Tena sheria ipo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yampa mtoto huyu haki ya elimu, na imeagiza kuwapo kwa kamati za watu wenye ulemavu tangu kijiji au mtaa hadi mkoa. Mama mmoja akienda ofisini kuuliza kamati iko wapi, huambiwa arudi kesho. Nimeyaona hayo katika ofisi ambayo sitaitaja. Wakienda wanawake arobaini wa wilaya mbili, wakiwa na orodha ya watoto wao mkononi, sidhani kama neno “kesho” litatamkwa kwa wepesi ule.

Mwishoni mwa barua, baada ya kuniandikia “kasinge” kwa kuisoma, mama ameongeza mstari mmoja pembeni. Mumewe ameuliza, kama mtu asiyejali, iwapo katika mikutano hiyo ya Bukoba huwa wapo akina baba. Nimemjibu kwamba sijui, lakini Jumamosi ijayo baba huyo aweza kupanda basi akaenda kutazama mwenyewe, na mama abaki na mtoto.